Gia Boksi Inaposingiziwa: Kupima Gari Kuukuu Jijini London

Cheti cha MOT, yaani cha ukaguzi wa usalama na moshi ambao magari ya kawaida nchini Uingereza hufanyiwa kila mwaka baada ya kutimiza miaka 3, hakisemi lolote juu ya hali ya injini, klachi wala gia boksi, na mwongozo wa serikali wenyewe unalitamka jambo hilo waziwazi. Utaratibu wa ULEZ nao, ambao tangu tarehe 29 Agosti 2023 umeenea London nzima na humtoza mwenye gari lisilokidhi kiwango pauni 12.50 kwa siku, hutazama kiwango cha moshi kilichoandikishwa na wala si afya ya mashine. Kwa kuwa magari mengi ya petroli yaliyosajiliwa tangu mwaka 2006 hukidhi kiwango hicho, ndiyo yanayokimbiliwa na wenye kipato kidogo, wakiwamo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, na si ajabu kipimo cha gari mojawapo kusoma maili 120,000, ambazo kwa dereva aliyezoea kilomita za Dar es Salaam au Mombasa ni takriban kilomita 193,000. Gari hilo linaweza kuwa na vibali vyote bila fundi yeyote kuwahi kuipima injini yake.

Gari la namna hiyo linapopoteza nguvu au kushtukashtuka, lawama huiangukia gia boksi kwanza, ilhali mara nyingi chanzo ni injini, na kosa hilo ni ghali, kwa sababu gia boksi iliyotumika pamoja na kazi ya kuifunga huweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Gari likiwa katika gia ya juu na likipanda mlima, dereva hukanyaga mafuta kwa kiasi, ili gia boksi ya otomatiki isishushe gia yenyewe, huku akitazama mshale wa mizunguko ya injini na ule wa mwendo kwa pamoja. Mizunguko ikipanda na mwendo ukabaki palepale, nguvu inazalishwa lakini inapotelea njiani, na wa kushukiwa ni klachi au, katika otomatiki, sahani za msuguano zilizomo ndani ya gia boksi. Mishale yote miwili ikijikokota, nguvu haizalishwi ya kutosha, au inazuiwa na breki iliyonata, na hapo hakuna sababu ya kuigusa gia boksi.

Dalili inayowababaisha hata mafundi wazoefu ni mtikisiko wa mwendo wa kati, pale gari la otomatiki linapotetemeka kama linalopita juu ya matuta madogo madogo. Kati ya injini na gia boksi hiyo kuna konveta, yaani chombo cha mviringo kilichojaa mafuta ambacho hupokeza nguvu badala ya klachi ya kukanyaga, na ndani yake mna klachi ndogo inayojifunga mwendo unapotulia ili pande zote mbili zizunguke pamoja. Klachi hiyo ikichakaa, au mafuta yake yakichoka, gari hutetemeka. Lakini injini inayomisi, yaani ambayo silinda yake moja inashindwa kuchoma petroli sawasawa, hutoa mtetemeko unaofanana nao mno, na huonekana zaidi wakati uleule kwa sababu konveta iliyojifunga haiwezi tena kuumeza. Kwenye barabara tupu, dereva anayeshikilia mwendo uleule huigusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, na klachi ya konveta hufunguka. Mtikisiko ukikatika papo hapo, konveta ndiyo yenye kesi. Ukiendelea, injini ichunguzwe. Kompyuta za baadhi ya magari hupunguza petroli breki inapoguswa, kwa hiyo jibu hili huelekeza uchunguzi bila kuufunga. Tena, mitaa mingi ya London ina kikomo cha maili 20 kwa saa, mwendo ambao klachi hiyo huenda isijifunge kabisa, na ndiyo maana gari lililozungushwa Peckham au Tottenham hurudishwa kwa mwenyewe likisifiwa kuwa zima, wakati lilipaswa kupelekwa sehemu za barabara ya A406 zinazoruhusu maili 40 au 50.

Kompyuta ya gari husaidia, mradi isisomwe kama hukumu. Msimbo P0700 unasema tu kwamba kompyuta ya gia boksi imehifadhi hitilafu fulani, nao haujasema ipi. Msimbo P0302 unataja silinda ya 2 kuwa inamisi, lakini hautaji kama kosa ni la plagi, la koili inayoipa plagi umeme, la pua inayonyunyiza petroli, au la injini yenyewe. Fundi makini huihamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 3, huufuta msimbo, huendesha gari, kisha husoma tena: ikitokea P0303, koili imejitaja yenyewe. Kazi hiyo ya dakika chache inapaswa kufanywa mapema, kwa sababu petroli isiyoungua huishia kwenye katalisti, chombo cha kusafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi, na kuiunguza.

Msimbo ukibaki kwenye silinda ya 2, mgandamizo hupimwa. Silinda ikionyesha shinikizo dogo kuliko wenzake, hutiwa oili kiasi cha kijiko na kupimwa upya. Shinikizo likipanda, ringi za pistoni zimelika, na lisipopanda, hushukiwa valvu au gasketi ya kichwa cha injini. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, ambao wengi huutafsiri kuwa gasketi imekufa, katika baridi ya London huweza kuwa unyevu tu wa safari fupi zisizoipasha injini moto. Gasketi ilaumiwe iwapo maji ya radieta yanapungua au kipimo cha kemikali kimenasa gesi ya moshi ndani yake.

Ikithibitika kwamba gia boksi ndiyo mbovu, mafuta yake yatazamwe kwanza. Mekundu yaliyogeuka kahawia na kunuka kuungua ni ushahidi wa sahani zilizochakaa. Mengi huelezwa kuwa ni ya kudumu maisha yote ya gari, lakini ZF, mtengenezaji wa gia boksi wa Ujerumani, hushauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Anayeamua kufunga gia boksi nyingine hana budi kusafisha au kubadilisha pia radieta ya mafuta hayo, kwani chembe za chuma zilizobaki humo huingia katika gia boksi mpya mara tu injini inapowashwa.