Bajeti ikikatwa ng'ambo, sufuria hupungua Kasulu na Kibondo

Kasulu/Kibondo. Serikali ya nchi ya mbali inapopunguza bajeti yake ya misaada, habari hiyo husikika redioni kama jambo la wakubwa. Kwa familia za nyanda za juu za Kigoma, ni jambo la unga, dawa na karo ya daftari.

Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi kutoka Kongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 baada ya Warundi wengi kuvuka mpaka. Chakula cha kambi hizo kimekuwa kikitoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ambalo halikusanyi kodi bali hutegemea michango ya hiari, hasa ya serikali. Mchango ukikatwa, kipimo cha unga, maharage na mafuta nacho hupunguzwa.

Mgao kamili hukadiriwa kumpa mtu kilokalori 2,100 kwa siku. Ulipunguzwa mwaka 2017, na Juni 2023 ukashushwa hadi asilimia 50. Kisha Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani, nchi iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote wa WFP, alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Miradi mingi iliyolipwa na USAID nchini, ikiwamo ya afya, iliamriwa kusimama, na Julai 1 mwaka huo shirika hilo likaacha kuendesha misaada.

Jirani naye huguswa

Mpaka wa kambi hauzuii athari. Vijiji vya jirani vimezoea kuuza ndizi, mihogo na mboga kwa wakimbizi. Biashara hiyo ilikwishapata pigo masoko ya pamoja yalipoanza kufungwa mwaka 2019. Mgao unaposhuka, mkimbizi hana cha kubadilishana wala cha kununulia, na wengine hutafuta kibarua mashambani kwa ujira wowote. Kibarua mwenyeji naye hujikuta akilipwa kidogo.

Wanakijiji wengi pia wamekuwa wakitibiwa katika vituo vya afya vya kambini. Huduma huko zikipungua, foleni hurudi kwenye zahanati ya kijiji, ambayo huenda ina muuguzi mmoja na kabati la dawa lisilojaa.

Anayeumia kwanza ni mtoto

Chakula kikipungua nyumbani, watu wazima huruka mlo ili watoto wale. Ikizidi, watoto nao hubaki na uji wa asubuhi na ugali mtupu wa jioni. Wenye miaka chini ya mitano hupungua uzito, na wakubwa husinzia darasani. Binti huweza kuachishwa shule akatafute kuni au kazi za ndani, na huko ndiko mimba na ndoa za mapema zinakomkuta.

Mzazi afanye nini?

Pima mapema. Usisubiri mtoto avimbe miguu. Mwombe muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii ampime kwa utepe wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni hatari na anahitaji tiba haraka.

Nyonyesha. Miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama pekee yanatosha. Mama anayenyonyesha apewe chakula kwanza, asiwe wa mwisho kupakua.

Chagua kinachojaza na kujenga. Ugali wa muhogo hushibisha lakini una protini kidogo. Uongezee maharage, dagaa wa Ziwa Tanganyika au karanga za kusaga. Kijiko cha mafuta ya mawese mekundu humpa mtoto vitamini A.

Changia chakula cha shule wakati wa mavuno. Debe la mahindi ni rahisi kulitoa ghala likiwa limejaa kuliko kutafuta fedha baadaye.

Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Uliza zahanati imepangiwa nini. Uliza pia mikopo ya halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi kisichojiandikisha hakiwezi kuipata.

Mzazi wa Kasulu hana kura katika bunge la nchi nyingine. Ana sauti katika kijiji chake, na bajeti ya zahanati na ya shule huanza kupangwa hapo. Asiyehudhuria hupangiwa na wengine.