Nyasi za Gofu na Nyasi za Ng'ombe katika Nchi ya Yatta

Ifikapo mwezi wa Septemba, msafiri atokaye Thika kwenda Garissa huiona nchi ikikauka mbele ya macho yake. Akifika Matuu, penye njia za mifugo udongo umebaki mtupu, na viwanja vya mpira vimekuwa vumbi lenye visiki vichache vya nyasi. Ng'ombe hutembea mbali kutafuta kitu cha kutia kinywani. Wenyeji wakiulizwa sababu hujibu kwamba ni jua, na hapana awezaye kulibishia jua.

Lakini katika kaunti hiyo hiyo, mjini Machakos, upo uwanja wa gofu, na nyasi zake huonana na kiangazi kila mwaka. Ni kweli kwamba mji wa Machakos uko juu zaidi na una baridi kuliko Matuu. Ni kweli pia kwamba wacheza gofu wana fedha. Hata hivyo mpita njia anayedhani kwamba uwanja wa namna hiyo hutunzwa kwa fedha na mpira wa maji peke yake amekosa kuona jambo kubwa. Mtunza nyasi huishi kwa kalenda. Anajua ni mwezi gani wa kukata, ni mwezi gani wa kuacha, na ni wiki gani ambayo mtu akizigusa nyasi amezidhuru kwa mwaka mzima. Elimu hiyo haina bei, na mfugaji wa Yatta aweza kuichukua bure.

Jani ndilo jiko la nyasi. Humo hupikwa chakula kwa mwanga wa jua, kisha huteremka kulisha mizizi na kuwekwa akiba chini ya shina. Jani likikatwa kupita kiasi, mzizi nao husimama, na sehemu yake hufa. Kwa hiyo nyasi fupi huwa na mizizi mifupi, na mizizi mifupi haiwezi kufuata unyevu unaposhuka chini wakati wa ukame. Ndiyo sababu watunza viwanja wana kanuni ya kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Nyasi zilizofika sentimita 9 hushushwa hadi 6, na anayetaka ziwe 3 hana budi kwenda polepole kwa siku kadhaa.

Katika gofu kimo hutofautiana mahali na mahali. Penye shimo, panapoitwa grini, nyasi hukatwa zikawa milimita 3 hadi 5 tu. Kwenye njia pana ya kupigia mpira huachwa milimita 12 hadi 20 hivi, na kandokando sentimita 5 au zaidi. Grini ni kama mgonjwa anayelishwa uji kwa kijiko: hukatwa karibu kila siku, hunyweshwa, hutiwa mbolea kidogo kidogo, hutobolewa matundu ili hewa ipenye, kisha hunyunyiziwa mchanga na kusawazishwa. Huduma hiyo ikikosekana kwa muda mfupi, huonekana mara. Sehemu za kandokando, ambazo hapana anayezijali, ndizo zinazostahimili kiangazi kuliko zote. Mfugaji na atazame hapo.

Ng'ombe hana skrubu ya kupandishia makali. Huvuta nyasi kwa ulimi na kuacha kisiki. Kondoo hukata karibu kabisa na udongo. Mwenye uwezo wa kupandisha makali ni mchungaji, kwa kuwahamisha wanyama kabla hawajarudia mahali walipokwisha kula.

Aina ya nyasi nayo ina maana yake. Zile ambazo dunia nzima huziita nyasi za Kikuyu ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, nazo zimesafiri mbali. Uwanja wa Riviera ulioko Los Angeles, Marekani, uliofunguliwa mwaka 1927, una njia za kuchezea zilizofunikwa kwa nyasi hizo. Mtu wa Matuu asivutiwe na sifa hiyo. Nyasi za Kikuyu hupenda baridi na mvua nyingi, na Matuu iko chini, kiasi cha mita 1,200 tu juu ya bahari. Kwa uwanja wa shule au wa kanisa, zilizo bora ni zile zitambaazo zinazoitwa na wataalamu Cynodon dactylon. Waingereza huziita kwa jina la visiwa vya Bermuda, ijapokuwa Afrika zilikuwako kabla ya kufika huko. Kiangazi hukausha majani yake, lakini mashina yaliyo chini ya udongo husubiri.

Kwa ng'ombe, Ukambani ina hazina yake yenyewe, na wazee huijua kwa majina: mbeetwa, nguu, kilili na ndata kivumbu. Watafiti wa ukulima wamezijaribu hizo katika nchi kavu za Kenya na kuziona kuwa ndizo zinazofaa kupandwa pale ardhi ilipokuwa tupu. Zimekaa na jua hili tangu zamani, wala hazihitaji kufundishwa.

Sasa ije kalenda yenyewe. Ukambani ina mvua mbili: nthwa, inayoanza mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba, na uua, ya Machi hadi Mei. Nthwa ndiyo ya kutegemewa zaidi, na matayarisho yake hufanywa wakati nchi ingali kavu. Mtunza uwanja mwenye busara hupandisha makali tangu kiangazi kinapoanza, na ikifika Septemba huacha kabisa kukata. Hutumia miezi hiyo kulegeza udongo uliokanyagwa ukawa kama sakafu, kwa uma au kwa fimbo ya chuma, ili mvua ya kwanza izame badala ya kutiririka.

Mfugaji hufanya vivyo hivyo kwa plau ya ng'ombe. Huchora mifereji midogo kukata mteremko, na kupanda mbegu kabla mvua haijanyesha. Kilo 5 kwa hekta zatosha, yaani kilo 2 kwa eka. Mbegu za nyasi ni nyepesi na zina manyoya, hupeperuka. Heri zichanganywe na mchanga au samadi kavu. Zisifukiwe chini sana, maana mbegu ndogo haina nguvu ya kuinua udongo mzito. Katika msimu wa kwanza mnyama yeyote asiingie.

Hapa ndipo penye wiki zile za hatari. Mvua zikianza, nyasi huchipua kwa kutumia akiba iliyobaki chini ya shina. Kwa muda wa wiki mbili tatu mmea huo hutoa tu, haujarudisha kitu. Ukiliwa wakati huo hulazimika kuchipua tena kwa akiba iliyokwisha nusu, na mara ya tatu huenda usichipue tena. Bahati mbaya ni kwamba ndizo wiki ambazo ng'ombe wamekonda kuliko wakati wowote, na mwenye ng'ombe akiona ukijani wa kwanza hufungua zizi kwa furaha. Nani atamlaumu? Lakini wengi husema kwamba nyasi ziliuawa na kiangazi, kumbe zilikufa mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha.

Jambo hili lingalifaa kuelezwa zamani kwa upole. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ilipoona udongo wa Ukambani ukichukuliwa na maji, ilianza kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuliacha shauri hilo la kuwanyang'anya watu mifugo. Idadi ya ng'ombe ni jambo la kufikiriwa, hapana shaka. Walakini hata ng'ombe wawili, wakiachiwa chipukizi za Novemba kila mwaka, waweza kuimaliza eka nzuri.

Yako pia mambo ya maji, ambayo Matuu hayazungumzwi bila kutaja mfereji wa Yatta. Mfereji huo, wenye urefu wa karibu kilomita 60, hutoa maji Mto Thika na kuyaleta katika nchi kavu. Ulichimbwa katika miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari. Maji yaliyonunuliwa kwa jasho la namna hiyo yafaa kuhesabiwa. Nyasi za uwanja zikipewa milimita 25 kwa wiki, eka moja hunywa zaidi ya lita 100,000. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, ingeyatumia maji hayo kwa muda wa miaka miwili na zaidi. Anayetaka uwanja wa kijani mwaka mzima huko Matuu na aifikirie hesabu hiyo, akimkumbuka jirani aliye mwisho wa mfereji ambaye maharagwe yake yanangoja zamu.

Kama hapana budi kunywesha, basi ni alfajiri, kwa wingi, na baada ya siku nyingi. Kunyunyiza kidogo kila jioni huilea mizizi juu juu, ikawa kama mtoto asiyeachishwa ziwa. Wacheza gofu wenyewe wamewahi kuishi bila maji. Katika sehemu kavu za Afrika ya Mashariki vilabu vingi vya mashambani havikuwa na nyasi penye mashimo. Palitandazwa mchanga uliochanganywa na mafuta, ukasawazishwa kwa reki, na mchezo uliendelea.

Adui mwingine ni mchwa. Huvuna nyasi kavu usiku na kuzishusha chini, na hasara yake huonekana zaidi pale ambapo malisho yamekwisha kuliwa mno, kwa kuwa hugombania na ng'ombe kile kidogo kilichobaki. Fensi ya matawi ya miiba haimzuii mchwa, ila humzuia mbuzi wa jirani, na kwa kweli mbuzi wa jirani ndiye huvunja urafiki. Afungaye malisho yake afadhali azungumze na majirani kabla ya kukata miiba.

Nyasi zilizopandwa Oktoba na kuachwa kwa amani huwa zimetoa mbegu kufikia Januari au Februari. Mbegu hukusanywa kwa mkono zikiiva, hukaushwa kivulini na kutiwa katika gunia lisilogusa sakafu. Zisipandwe mara moja, kwani mbegu za mbeetwa na za ndata kivumbu hulala kwanza, na zile zilizokaa miezi sita au zaidi huota vizuri kuliko mpya. Shina lililobaki hukatwa kwa fyekeo, si chini ya upana wa kiganja kutoka udongoni, na kufungwa marobota.

Katika miaka ya 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu katika nchi kavu za Kenya, aliyekuwa na marobota ghalani alikuwa na mali. Wengi huyamaliza mwezi wa Septemba na Oktoba, njaa inapouma. Mwenye kuifuata kalenda hutenga sehemu yake kando, akaiweka hadi mvua inyeshe, ili ng'ombe wale zizini wiki tatu hizo za Novemba huku nje nyasi zikiota.