Kimya Kinachoibeba Ofisi ya Watoto

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma na 990,341 katika Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale. Tukikadiria kwamba nusu yao ni watoto, tunapata watoto kama milioni 1.33.

Utafiti wa kitaifa wa 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Asilimia 15.6 ya wasichana na 6.4 ya wavulana walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Katika utafiti wa 2010 wasichana walikuwa asilimia 32, kwa hiyo hali imepata nafuu, na si vyema kuficha habari njema. Lakini viwango hivyo vya kitaifa vikishushwa Bungoma na Trans Nzoia, watoto wapatao 146,000 wa kizazi hiki watakuwa wameguswa kabla ya utu uzima. Gawanya kwa miaka 18: watoto 8,100 kwa mwaka, au 22 kila siku, wanaoumizwa kwa mara ya kwanza. Vipigo sijavihesabu.

Sasa tuangalie upande wa serikali. Kaunti hizi mbili zina maeneo bunge 14. Tuseme kila eneo lina afisa mmoja wa watoto. Atabeba watoto 95,000, na kesi mpya 580 kwa mwaka. Kila kesi ikimeza siku 3 tu (kumsikiliza mtoto, kufika nyumbani kwao, kuandika ripoti ya mahakama), zinahitajika siku 1,740 za kazi. Mwaka wa afisa una kama 250. Kazi ya watu saba inamsubiri mmoja, ambaye pia ana kesi za matunzo, watoto waliokosana na sheria, na orodha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wenye uhitaji.

Mbona basi ofisi hizo hazijaporomoka? Kwa sababu kesi nyingi hazifiki. Zinamalizwa nyumbani: wazee wanaitwa, familia mbili zinaelewana, mtoto anaambiwa anyamaze. Nyingine zinachelewa tu. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi inapaswa kuanza ndani ya saa 72 baada ya mtoto kunajisiwa, na kwa mama wa Kopsiro (Bungoma) au Endebess (Trans Nzoia) asiye na nauli, saa hizo hukatika upesi. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, haimsaidii kama hajafika hospitali.

Ndiyo maana kampeni za "piga 116" zinanipa mashaka. Namba hiyo ya msaada kwa watoto ni ya bure na inafaa, ila simu inayohitaji ufuatiliaji inaishia mezani kwa afisa yuleyule. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo. Wasichana hao walikuwa wamepiga ripoti, na bado hawakusaidiwa.

Kufikisha maafisa 98, yaani saba kwa kila eneo bunge, tukiweka Sh100,000 kwa mwezi kwa kila mmoja, mshahara na mafuta ya pikipiki humo humo, ni Sh117.6 milioni kwa mwaka. Hiyo ni Sh88 kwa mtoto. Maafisa hawa huajiriwa na serikali ya kitaifa, si kaunti, kwa hiyo wa kuulizwa kwanza kuhusu Sh88 hizo yuko Nairobi.