Kiberiti Kipimwavyo kwa Moto

Gesi itokayo ardhini, ambayo katika nchi nyingi watu huipikia na kuota moto wake, haina rangi wala harufu. Ikivuja chumbani, mtu hana habari. Jambo hili lilidhihirika kwa msiba tarehe 18 Machi 1937, huko New London katika jimbo la Texas, Marekani. Gesi ilikuwa imevuja chini ya sakafu ya shule, ikajikusanya humo, wala hapakuwa na harufu ya kuonya watu. Alasiri, watoto wakiwa karibu kutoka, cheche ya chombo cha umeme cha kusugulia mbao ikaishika, na jengo likapasuka. Wakafa watu karibu 300, wengi wao wanafunzi.

Mwaka huo huo ikatolewa sheria Texas kwamba gesi sharti itiwe harufu mbaya. Vitu vitiwavyo vina kiberiti ndani yake. Kiberiti hapa si njiti za kuwashia moto, bali ni kiberiti upele, yaani salfa, ule unga wa manjano. Kikiungana na kaboni na haidrojeni hutoa uvundo kama wa kabichi iliyooza, na kidogo mno chatosha. Kikipungua, hatari ya 1937 yarudi pale pale. Kikizidi, watu watatishika bure, na moshi wake hula vyuma. Basi sharti kipimwe. Pua haifai kuwa kipimo, maana ikizoea harufu huacha kuisikia.

Kipimo kilipatikana katika moto. Kila mpishi ajua ya kuwa chumvi ikiangukia motoni, mwali hugeuka manjano. Rangi ile ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi. Mwaka 1860 Bunsen na Kirchhoff, huko Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba vitu vyaweza kutambuliwa kwa nuru yao motoni. Mwaka 1869 Salet, Mfaransa, alichunguza mwali wa haidrojeni wenye kiberiti, akaona kwamba ukigusa kitu cha baridi hung'aa kwa rangi ya buluu. Hata mwaka 1966 Brody na Chaney wakaitumia nuru hiyo katika chombo cha kupimia.

Katika chombo hicho haidrojeni hutiwa kwa wingi, na hewa kwa uchache, ili kiberiti kisiungue chote kikawa moshi mkali. Chembe zake hufunguliwa kutoka katika vitu vilivyozishika, kisha huungana mbili mbili, na zikiungana hutoa nuru ya buluu. Kioo cha rangi huipitisha nuru hiyo na kuzuia nyingine, na jicho la umeme huihesabu.

Hapa mwanafunzi ajihadhari na hesabu. Mtu angedhani ya kuwa kiberiti maradufu hutoa nuru maradufu. Sivyo, kwa kuwa chembe moja peke yake haitoi nuru hiyo. Sharti ikutane na mwenziwe. Watu 10 wakipeana mikono, kila mmoja na kila mwenziwe, mikono hupeanwa mara 45. Wakiwa 20, ni mara 190, yaani zaidi kidogo ya mara nne. Na chembe, kwa kuwa ni nyingi kupita kiasi, hukaribia mara nne kamili. Kwa hiyo kiberiti kikizidi mara mbili, nuru huzidi mara nne. Kikizidi mara tatu, nuru huzidi mara tisa. Apimaye akiona nuru imeshuka hata robo, akasema kiberiti kimebaki robo, amekosa: kimebaki nusu.

Tena kuna adui mwingine. Gesi yenyewe ina kaboni, na kaboni ikiingia motoni pamoja na kiberiti huififisha ile nuru, hata kiberiti kikaonekana kidogo kuliko kilivyo. Dawa yake ni kuvitenga kwanza. Gesi hupitishwa katika bomba jembamba mno, refu, lililozungushwa kama kamba. Na kwa kuwa kila kitu humo kina mwendo wake, hutokea upande wa pili kimoja baada ya kingine, na kila kimoja huingia motoni kwa zamu.

Moto huo huo hupima na fosforasi, iliyomo katika dawa nyingi za kuulia wadudu wa mashamba. Ila nuru ya fosforasi ni ya kijani, na mpimaji hubadili kioo tu.