Hesabu Zinazopanda Kutoka Shimoni

Sogeeni, watoto. Huko Walikale, nchini Kongo, ndani ya msitu wa Bisie, kuna kasiteriti: jiwe zito linalotoa bati, madini yanayoyeyushwa kuunganisha vipande vidogo ndani ya simu. Zamani wachimbaji waliitoa kwa mikono, kama madini ya koltani yanavyotolewa Rubaya kule Masisi, wakabeba mifuko ya kilo 50 mgongoni hadi barabarani Njingala. Hesabu ilikuwa moja tu: mfuko una kilo ngapi?

Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza kutoa bati hapo kwa mashine, na hesabu zikawa nyingi. Chukueni tani moja ya mawe, yaani kilo 1,000. Mawe ya Bisie ni tajiri ajabu: tuseme ndani yake mna bati kilo 45. Kiwandani karibu robo ya bati hilo hupotea pamoja na mchanga na maji. Zinabaki kilo 34 hivi.

Sasa kila mtu ana swali lake. Mchimbaji huulizwa ameleta tani ngapi za mawe. Watu wa kiwanda huulizwa wameokoa bati kiasi gani. Mkurugenzi huulizwa bati la mwezi mzima. Wenye mgodi, na serikali ya Kongo imo kwa asilimia 5, huuliza kila tani imegharimu pesa ngapi.

Hapa ndipo penye hatari. Ukimpima mchimbaji kwa tani peke yake, anaweza kujaza lori mawe matupu. Yeye atasifiwa, kiwanda kitalaumiwa, na mkurugenzi hatajua kwa nini bati limepungua. Kwa hiyo aulizwe mambo mawili: tani, na utajiri wa mawe yenyewe.

Mwaka 2024 Bisie ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, kutoka 12,000 na kitu mwaka uliotangulia. Sababu? Shuka shimoni uione: mgodi wa pili, Mpama Kusini, ulikuwa umefunguliwa.

Halafu Machi 2025 waasi wa M23 wakasogea Walikale. Tarehe 13 kampuni ilisimamisha uchimbaji na kuwaondoa wafanyakazi. Anayesoma tani peke yake angesema wachimbaji wamelegea. Mimi nasema siku ile kulikuwa na hesabu moja tu ya maana, kuanzia shimoni hadi kwa wenye mgodi: watu wangapi wametoka salama. Mawe yalisubiri hadi Aprili, kazi iliporudi hatua kwa hatua.