Kompyuta Mpya na Rubani Wake (Sehemu ya Nne)

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, mafundi wa kompyuta hapa kisiwani Mombasa hawapati hata wasaa wa kunywa kahawa. Mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11, ama kwa kukosa kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ama kwa kichakataji kilichokwisha zeeka, na baadhi ya wenye nazo wameona heri waunganishe mpya. Ndipo nikauanza mfululizo huu. Walionifuata tangu sehemu ya kwanza wanajua kichakataji huketishwa vipi juu ya ubao mama, na kwa nini feni isitazame kinyume. Leo tunawasha.

Jumamosi, baada ya alasiri, nilipita kwa mpwa wangu Kibokoni. Mashine yake ameiunganisha mwenyewe juu ya meza ya kulia chakula, chini ametandika gazeti. Windows ilikuwa imeshaingia, kioo kinang'aa, na kijana ameshika tama.

"Mjomba, Wi-Fi haipo kabisa. Hata waya wa ruta haiuoni. Naambiwa nishushe draiva kwenye intaneti. Nitaishushaje, na intaneti yenyewe ndiyo sina?"

Neno hilo draiva limetupotosha. Tukilisikia tunamfikiria dereva wa matatu, anayeshika usukani akaenda apendako. Draiva ya kompyuta haishiki usukani. Usukani anao mfumo endeshi, iwe Windows au Linux. Huyo ndiye nahodha. Lakini nahodha huijua bahari, hajui kila mlango wa bandari. Hajui kadi hii ya mtandao huamshwa kwa amri gani, wala ile ya sauti husikia lugha gani. Ajuaye ni rubani. Simama ufukweni Mama Ngina utazame meli ya makontena inavyoikaribia Kilindini: nahodha wake hata awe ameizunguka dunia mara ishirini, haupiti mkondo ule wa kati ya miamba mpaka boti ndogo imletee rubani wa bandari. Rubani hupanda kwa ngazi ya kamba, akasimama ubavuni mwa nahodha, akamwambia kata kulia, punguza mwendo. Meli si yake, ila kwa muda ule roho za wote zimo mikononi mwake. Kwa hiyo mimi napenda kusema rubani, na wanaosema kiendeshi wanisamehe.

Tena sisi watu wa Mombasa tuna haki na neno hili. Tarehe 7 Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga nje ya kisiwa chetu, akiwa na marubani aliowatoa Msumbiji, ambao hawakuwa naye kwa mapenzi. Siku tatu baadaye, wakijaribu kuingia bandarini, merikebu yake ilikataa kugeuka, ikaigonga iliyokuwa nyuma. Katika vurugu hiyo marubani wakajitupa majini wakaogelea kujiokoa. Usiku wakaja waogeleaji wengine kukata kamba za nanga. Da Gama akaondoka hana rubani, akaenda Malindi, na huko nako hakupewa mpaka alipomzuia mtu wa karibu wa mfalme. Tarehe 24 Aprili akatweka, na tarehe 20 Mei akafika Calicut.

Tulifundishwa kwamba rubani yule wa Malindi alikuwa Ahmad ibn Majid wa Julfar. Mimi siamini. Habari hiyo ililetwa na Qutbuddin an-Nahrawali wa Makka, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, akatia chumvi kwamba bwana yule alileweshwa ndipo akaionyesha njia. Wareno wenyewe wanataja Mgujarati. Mwandishi wao Barros anamwita Malemo Cana, na Malemo ni muallim tu, cheo cha mjuzi wa safari za bahari, ambacho Ibn Majid mwenyewe anakitumia katika Kitab al-Fawaid, kitabu alichokimaliza mnamo 1490. Mtu aliyeandika kwa kirefu juu ya wajibu wa muallim kwa chombo chake, leo asingiziwe ulevi! Ningeweza kuendelea, lakini mhariri ameshanionya juu ya nafasi.

Ninachotaka kionekane ni kosa la da Gama: alishika marubani asiowajua, kisha akashangaa walipomkimbia. Ndivyo wafanyavyo vijana wetu. Huchukua flashi ya mtu mwenye "draiva zote", au Windows iliyovunjwa kufuli, wakaipachika. Draiva nyingi hukaa ndani kabisa, penye mamlaka yote ya mfumo, na zikiharibika haziharibiki peke yake. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, inayokaa humo humo ndani, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows, na abiria wakalala viwanja vya ndege. Hilo lilikuwa kosa la kampuni yenye jina na anwani. Je, la mtu wa flashi? Nilimwuliza mpwa wangu kama Windows yake ina leseni. Akatazama dari. Fedha za kadi ya michoro hakuzikosa.

Basi kwa ufupi. Nilimwambia achomeke simu kwa waya wa kuchajia, aruhusu simu igawe intaneti kwa USB. Kwa kawaida simu ya Android ikiunganishwa hivyo, Windows huitambua bila rubani mgeni. Kisha akafungua Device Manager, orodha ya vifaa vyote. Kimoja kilikuwa na pembetatu ya manjano yenye alama ya mshangao. Ndani ya maelezo yake tukakuta VEN_10EC, na hicho ndicho kitambulisho cha aliyekitengeneza: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel (namba ya kichakataji chao cha 1978), 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Ukishamjua mwenyewe, nenda tovuti ya aliyetengeneza ubao mama, tafuta modeli yako hasa, ushushe draiva ya chipseti kwanza, halafu mtandao, halafu michoro, na sauti mwisho. Zilizobaki iachie Windows Update. Wa Linux wana raha zaidi, kwani marubani wengi wamo melini tangu mwanzo.

BIOS, yaani programu iliyomo ndani ya ubao mama wenyewe, usiisasishe siku ambayo stima inakuja na kupotea. Ikipotea katikati, ubao mama unaweza kubaki ubao mtupu.

Sehemu ya tano itahusu kuhamisha picha na nyaraka kutoka mashine ya zamani. Kabla ya hapo, msomaji, weka draiva ya mtandao ya mashine yako kwenye flashi ya peke yake, uiandike jina. Mpwa wangu yake ameibandika kwa seloteipu ubavuni mwa mashine.