Podo la Ngozi, na Namna ya Kulitundika Mgongoni

Neno "podo" wengi hulisoma, wachache hulijua. Kila mwalimu amekutana nalo katika Mwanzo 27, Isaka anapomtuma Esau nyikani, na tena katika Zaburi 127 na Isaya 49. Akiulizwa na wanafunzi maana yake hujibu, "Ni mfuko wa mishale," kisha huendelea na somo. Jibu hilo si kosa, ila limepunguka. Mfuko waweza kuwekwa po pote. Podo huchukuliwa mwilini mchana kutwa, na mtu akimbiaye, ainamaye, na atambaaye chini ya miiba. Aliyepata kulivaa ajua ya kuwa raha yake na taabu yake hazitoki sana katika mfuko, bali katika namna ulivyotundikwa.

Lugha yenyewe yaelekea kushuhudia jambo hilo. Katika Mwanzo 27:3 neno la Kiebrania ni teli, nalo limetumika mara hiyo moja tu katika Agano la Kale. Wataalamu hulinasibisha na kitenzi talah, maana yake kutundika, hata tungeweza kulifasiri "kitundikwacho." Rashi, mfasiri mashuhuri wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1105, alilieleza kuwa ni upanga, kwa kuwa upanga nao hutundikwa. Wafasiri wa Kigiriki wa kale walikwisha kuandika neno lao la podo, na Biblia ya Kiswahili imefuata njia hiyo. Katika Zaburi na Isaya neno la Kiebrania ni jingine kabisa, ashpah, nalo halina mashaka.

Kiswahili kina neno la pili, ziaka, ambalo siku hizi ni nadra kulisikia. Wakikuyu husema thiaka. Msomaji apendaye kulinganisha lugha ataona upesi kwamba z yetu hapa ni th yao, kama vile kuzika kwetu kulivyo kuthika kwao. Neno likiwa pwani na bara kwa namna hiyo, ni dalili kwamba kitu chenyewe ni cha zamani katika nchi hizi.

Podo la Wakamba na la Wakikuyu ni la ngozi ngumu iliyoviringwa mfano wa bomba, lina kifuniko cha ngozi, na ukanda wa kupitisha begani. Mgeni akiliona hustaajabu: kwa nini mishale ifungiwe ndani, hali mwindaji ataka kuitoa upesi? Sababu ni sumu. Sumu hiyo hupikwa kwa mti uitwao msunguti, na ndani yake mna kitu kinachosimamisha moyo. Haifai kulowa kwa mvua, wala kukauka hata ikapukutika. Kwa hiyo kigumba huvikwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, usiofunguliwa ila mshale ukikaribia kutumika, na mishale yote hufunikwa. Kifuniko basi hulinda sumu, tena humlinda mwenye podo na watoto wa nyumbani mwake. Podo la namna hiyo halikukusudiwa kutoa mishale mfululizo.

Uwindaji huo umekwisha kukatazwa. Katika Kenya serikali iliupiga marufuku mwaka 1977. Lakini mchezo wa kulenga shabaha kwa uta ungali hai, nao ulirudishwa katika michezo ya Olimpiki mwaka 1972. Wapigaji wa Olimpiki huvaa podo kiunoni, nao hawana haja ya jingine, maana husimama mahali pamoja. Yule atembeaye vichakani toka shabaha hii hata ile, ndiye afaaye kuvaa podo mgongoni, lenye kinywa wazi nyuma ya bega.

Wengi hudhani kwamba hivyo ndivyo walivyovaa wapiga mishale wote wa Uingereza ya zamani. Dhana hiyo imetiwa nguvu sana na sinema, hasa ile ya Robin Hood ya mwaka 1938, ambamo Mmarekani Howard Hill alipiga mishale kwa ustadi mkubwa. Lakini katika merikebu ya kivita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa toka baharini mwaka 1982, vilionekana vipande vya ngozi vya mviringo, kila kimoja na matundu 24, vya kutenganisha mishale ndani ya mfuko ili manyoya yasisagane. Mzee zaidi kuliko hao wote ni yule mtu aliyeonekana mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alps, aliyekufa yapata miaka 5,300 iliyopita. Podo lake lilikuwa la ngozi laini ya mnyama wa jamii ya kulungu, na ubavuni lilitiwa fimbo ili lisijikunje. Nitairudia fimbo hiyo.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha. Vijana wa shule yetu walipoanza mchezo huu, nilimshonea mmoja wao podo la ngozi nene, gumu kama mtungi, nikatia ukanda mmoja mwembamba, ncha zake zote mbili karibu na kinywa. Mezani lilipendeza. Kijana alipokimbia, kitako kiliruka na kumpiga mgongoni kila hatua, na mishale ikalia ndani kama njuga. Jioni bega lake lilikuwa na alama nyekundu. Haya yangevumilika. Lakini siku ya pili aliinama kunywa maji kijitoni, na mishale yote ikamwagika juu ya kichwa chake. Ncha ya mmoja ikamchana shavu, upana wa kidole kutoka jichoni. Nililitwaa podo lile siku ile ile, na mchezo nikausimamisha.

Mzee mmoja wa Kikamba, aliyekuwa akitengeneza ngozi karibu na soko, aliligeuza-geuza mkononi, akacheka kwa adabu. "Mwalimu," akasema, "hili ni podo la mtu asiyetembea." Nikamwuliza, "Kosa liko wapi, mzee wangu?" Hakuitazama ngozi hata kidogo. Alilishika kwa ukanda, akaliinua, akaniacha niangalie jinsi kitako kilivyobembea. "Hapa," akasema, "limefungwa kichwa, miguu imeachwa."

Basi tulianza upya. Ngozi ifaayo ni ya ng'ombe, iliyotengenezwa kwa magome, unene wake milimita 2 au 2½. Ngozi mbichi iliyokaushwa tu haifai kwa podo la wazi: juani huwa ngumu na yenye kelele, na mvuani hulegea kama utumbo. Mgongo wa ngozi haunyooki upesi, kwa hiyo ukanda ukatwe hapo. Tumbo hunyooka, nalo lisitumike kabisa kwa ukanda, hata fundi akisema litafaa.

Kwa mishale ya inchi 28 tulikata kipande cha urefu wa inchi 22, upana inchi 17 juu na 12 chini, hata kikishonwa kiwe chembamba kuelekea kitako. Humo hukaa mishale 12 bila kubanana, na manyoya hubaki nje yote. Ni vema kukata karatasi kwanza na kuiviringa, maana ngozi iliyokwisha kukatwa haina toba. Kinywa tulikikata mshazari, upande wa shingoni ukapita ule mwingine kwa inchi 2. Manyoya hayamkwaruzi mtu shingo, na mkono unaorudisha mshale hupata ukuta wa kuuongoza. Ukingo wa kinywa ushonewe ukanda wa pili wa ngozi, ili usijifunge.

Mshono ukae ubavuni, usilalie uti wa mgongo. Matundu yatobolewe kwanza kwa msharasi, 5 au 6 katika inchi moja, kisha ushone kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili katika uzi mmoja, zikipishana katika kila tundu. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja hufumuka. Huu, pindi moja likikatika, mengine hushika. Kitako ni duara la ngozi ya soli, na juu yake kipande cha ngozi ya kondoo yenye sufu, ambacho hunyamazisha ncha na kuzizuia zisitoboe. Tulitoboa pia tundu dogo la kutokea maji.

Je, mwili wa podo uwe mgumu au laini? Hapa mafundi hawapatani. Gumu hulinda manyoya vizuri, wala halijikunji mtu anaporudisha mshale. Laini hulala juu ya mgongo kama nguo, na uzito wa ukanda hulibana kidogo, hata mishale ikashikwa isilie wala isiteleze. Howard Hill alitumia podo laini, nami kwa yaliyonipata nakubaliana naye. Ubaya wake ni kwamba likiwa na mishale michache hujikunja katikati. Basi ndipo nilipoikumbuka fimbo ya yule mtu wa Alps: ufito mwembamba ulioshonewa ubavuni ndani ya ngozi huondoa ubaya huo, na uzito wake si kitu.

Sasa ukanda, ambao ndio shina la maneno yote haya. Kwa mtu atumiaye mkono wa kuume kuvuta upote, kinywa hukaa nyuma ya bega la kuume na kitako huelekea nyonga ya kushoto. Ukanda mkuu waanza inchi 2 chini ya kinywa, wapita juu ya bega la kuume, washuka mshazari kifuani, wapita chini ya kwapa la kushoto, na kushikwa karibu na kitako. Hivyo kichwa na miguu vimefungwa pamoja. Begani uwe na upana wa inchi 2 au zaidi, maana ukanda mwembamba hukata nyama hata uzito ukiwa mdogo. Chini ya kwapa upunguzwe, usije ukasugua. Kisha yupo gidamu, ukanda mdogo wa tatu, utokao katikati ya podo, ukapita chini ya kwapa la kuume na kushikamana na ukanda mkuu kifuani kwa bizimu. Huo haubebi kitu. Kazi yake ni kuzuia podo lisizunguke kwenda ubavuni mtu anapokimbia. Wengi huuacha kwa kuona ni pambo.

Kanda hizi zisishonwe mezani. Zifungwe kwanza kwa kamba kwenye mwili wa mwenyewe, naye amevaa nguo atakayovaa siku ya mchezo, na mishale yote imo. Akimbie. Ainame kama anywaye maji. Ainue mkono na kutwaa mshale bila kutazama: vidole vikikuta mikia ya mishale usawa wa sikio, pamefaa. Likiwa juu zaidi, mishale hukamata matawi; tena mkono hauna nafasi ya kupanda hata ncha itoke kinywani, hasa kwa kijana mwenye mikono mifupi, naye huishia kuupinda mshale mpaka uvunjike. Ushushe inchi 1 au 2, na shida yaisha. Ndipo utie alama kwa chaki na kushona.

Hata podo lililotundikwa vema humwaga mishale mtu akiinama kabisa. Kijana wetu alifundishwa kupiga goti badala ya kuinama, na kulibana podo kwa kiwiko cha kushoto akipita chini ya tawi. Huyo mzee alitaka tutie kifuniko kama cha kwao. Tulikataa kwa siku za jua, tukakubali kwa mvua, nacho hufungwa kwa uzi kwenye ukanda kisipotee.

Likiisha kushonwa, lipanguswe kwa maji ya uvuguvugu, litiwe mishale, livaliwe mpaka likauke mgongoni. Hushika umbo la mwenyewe. Baadaye mafuta kidogo ya nyonyo yatosha, mara mbili au tatu kwa mwaka. Mafuta mengi hulegeza mshono na kuita panya, nao hula manyoya kabla ya kula ngozi. Kwa hiyo lisisimamishwe pembeni mwa nyumba, bali litundikwe juu kwa ukanda wake, mbali na moshi wa jikoni.